Kengele ya wezi bila ada ya kila mwezi: uchambuzi wa nyumba ya Mwalimu

Mwenye nyumba katika kisa hiki ni mwalimu mstaafu anayeishi na mkewe. Nyumba haina ghorofa. Ina milango mitatu ya kutokea nje, madirisha tisa, na stoo iliyojitenga nyuma. Binti yao anaishi mji mwingine. Kwa miaka mitatu walikuwa na kengele ya wezi iliyofungwa na kampuni moja, na kila mwezi walilipa ada ya ufuatiliaji. Mkataba ulipokaribia kwisha walipata barua kwamba ada inapanda. Mwalimu akaniita, na swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, nikiacha kulipa, nyumba yangu itakuwa imebaki wazi?"

Nilimwambia, "Mwalimu, tutazame kwanza hiyo ada imekuwa ikikununulia nini." Wengi wanaotaka kuondokana na ada huanzia kwenye kifaa. Wanauliza paneli (sanduku kuu linalosoma vihisi na kuamuru king'ora) ipi nzuri, kamera ipi, programu ipi ya simu. Naona huko ni kuanzia mwisho. Kengele hugundua na kupiga kelele. Kuitikia ni kazi ya mtu, na ada ya mwezi humlipa mtu huyo. Ukiikata, kazi yake haifutiki. Kama hujamtaja kwa jina atakayeishika, umepunguza ulinzi, hata kama kifaa ulichonunua ni bora kuliko cha mwanzo.

Kituo cha ufuatiliaji ni chumba chenye wahudumu mchana na usiku. Paneli ikituma ishara, mhudumu humpigia mwenye nyumba kuthibitisha, na asipopata jibu la kuridhisha ndipo huita polisi au gari la doria, kulingana na mkataba. Uthibitisho huo una sababu yake. Nchini Marekani, miji mingi iliyochunguza jambo hili imekuta kwamba kati ya kila kengele 100 zinazowafikia polisi, 94 hadi 98 ni za bure. Salt Lake City iliamua mwaka 2000 kwamba polisi hawatatoka kwa kengele ya wezi mpaka awepo mtu aliyefika na kuthibitisha kwamba kuna jambo. Kwa hiyo anayelipa ada hanunui askari mlangoni. Mara nyingi ananunua simu ya kumuuliza kama ni kweli.

Tukio la mwaka uliotangulia

Mwalimu na mkewe walikuwa safarini. Mchana, mtu alivunja dirisha la chumba cha nyuma na kuingia. King'ora kililia. Kumbukumbu za paneli na za simu zilitupa mfuatano mzima: kituo kilimpigia Mwalimu, simu yake ilikuwa imezimika, kikampigia mkewe aliyeketi naye kwenye basi hilohilo, mtandao haukuwepo, kikampigia binti, ambaye alikuwa kikaoni na alipokea kwa mara ya pili. Kufikia hapo mwizi alikuwa ameshaondoka na vitu vichache vilivyokuwa karibu na dirisha. King'ora ndicho kilichomharakisha.

Jambo lililonishika zaidi katika maelezo yao ni jirani. Mama wa nyumba ya pili alikuwepo nyumbani mchana ule, alikisikia king'ora, akachungulia ua, akarudi ndani. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini kikilia, na alikuwa amekisikia kikilia bure mara nyingi. Mtu aliyekuwa karibu kuliko wote hakuwa kwenye orodha ya kituo, na waliokuwa kwenye orodha wote walikuwa mbali.

Hizo kelele za bure nazo zilikuwa na chanzo. Sebuleni kulikuwa na kihisi cha mwendo kilichoelekezwa dirisha la magharibi. Kihisi cha infraredi cha aina hii hakitoi mwali wowote, kinapokea joto. Lenzi yake huligawa eneo la chumba vipande vipande, na kitu chenye joto kinapovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, kihisi kinashtuka. Ndiyo maana humnasa vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, na ndiyo maana hudanganywa na jua la jioni linaloingia kwa vipindi huku pazia likipepea. Familia ilichoka, ikaacha kutega kengele, yaani kuiwasha ilinde, nyakati za mchana wanapotoka kwa muda mfupi. Walikuwa wanalipia mfumo ambao nusu ya siku ulikuwa umelala.

Mkataba na hesabu

Kabla ya kugusa waya wowote tulisoma mkataba neno kwa neno. Ulikuwa na kifungu cha kujirefusha wenyewe kwa mwaka mzima iwapo mteja hatatoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Mwalimu alikuwa bado ndani ya muda, akaandika barua siku hiyohiyo na kuweka nakala. Mtu asiyejua kifungu hiki huweza kununua mfumo mpya na bado akadaiwa ada za ule wa zamani. Mkataba pia ulisema vifaa ni vya mteja, hata kama paneli ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri ya fundi wa kampuni. Tulipiga simu pia kwa kampuni yao ya bima, kwa sababu baadhi ya bima za nyumba hutoa punguzo au huweka sharti la kengele inayofuatiliwa. Yao haikuwa na sharti hilo. Ingekuwa nalo, huenda ushauri wangu ungekuwa mwingine kabisa.

Hesabu niliifanya kwa kutumia ada yenyewe kama kipimo. Miaka mitatu ya mkataba ni ada 36. Paneli mpya, ving'ora viwili, kamera, betri, kihisi kimoja kisichotumia waya na kazi ya kufunga vilifikia sawa na ada 16. Gharama za kuendesha, yaani laini ya simu ya paneli na akiba ya kubadilisha betri, zilikuwa kama ada moja na nusu kwa mwaka. Miaka mitatu ya mfumo mpya ni ada 20 na nusu. Miaka mitatu inayofuata ni nne na nusu tu. Nasisitiza hizo gharama za kuendesha kwa sababu matangazo mengi husema "bila malipo yoyote". Betri inachoka, laini inahitaji salio, na anayeyapuuza hayo hugundua siku mbaya kwamba paneli yake haikuweza kupiga simu.

Waya za zamani zilikuwa mali

Sehemu hii watu wengi huitupa jalalani pamoja na paneli. Vihisi vya milango vya nyumba ile vilikuwa swichi za kawaida za sumaku: sumaku kwenye mlango, swichi kwenye fremu, vikitengana mzunguko unakatika. Havina kampuni wala namba ya siri. Paneli yoyote ya waya inaweza kuvisoma. Wazo lenyewe ni la zamani sana. Augustus Pope wa Marekani alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kengele ya umeme ya wezi mwaka 1853, mlango au dirisha likifunguliwa umeme unaendesha kengele.

Nilipima kila waya kwa mita. Mizunguko yote ilikuwa mizima isipokuwa wa dirisha la jikoni, ulioliwa na kutu kwenye kiungo. Nilikuta pia kosa ambalo nimelikuta katika nyumba nyingi. Kila mzunguko unatakiwa kufungwa na rezista ndogo (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) mwishoni mwake, kule kwenye kihisi. Paneli huupima mzunguko muda wote: mtu akikata waya au akiziunganisha nyuzi zake mbili ili kuidanganya, kipimo kinabadilika na paneli inajua. Katika nyumba ya Mwalimu rezista zote zilikuwa zimefungwa ndani ya sanduku la paneli. Zikiwa pale, mtu anayeunganisha nyuzi kule mlangoni haonekani kabisa. Kuzihamishia kila moja kwenye kihisi chake kulikula nusu ya siku, na kwangu hiyo ndiyo kazi iliyoongeza ulinzi zaidi kuliko kifaa chochote kipya tulichonunua.

Stoo haikuwa na waya, na kuchimba mtaro kungegharimu kuliko thamani yake. Huko tuliweka kihisi cha mawimbi. Soko limejaa vihisi vya bei nafuu vya megahezi 433 vinavyotuma namba ileile kila vinaposhtuka. Mtu mwenye kifaa kidogo cha redio anaweza kuirekodi namba hiyo na kuirudia. Vingi havina mazungumzo na paneli: kihisi kikifa betri au mawimbi yakivurugwa, paneli hudhani kila kitu ni salama kwa sababu haisikii kitu. Nilimtaka Mwalimu alipie zaidi kidogo apate kihisi kinachotumia usimbaji (kuficha ujumbe wake usinakiliwe), chenye kuwasiliana pande mbili, na kinachojitambulisha kwa paneli kila baada ya muda. Kikinyamaza kupita kiasi, paneli inatoa taarifa. Katika mfumo usio na kituo cha kuusimamia, kifaa kinachoweza kusema "naumwa" ni cha lazima.

Kwa nini hatukuchukua kifurushi cha waifai

Binti alikuwa amependekeza kifurushi cha kisasa: kitovu kidogo cha kuunganisha vifaa, kamera, vihisi vya kubandika, vyote juu ya waifai na programu ya simu. Ni rahisi kufunga na kwa mpangaji anayehama kila mwaka ningelikubali pendekezo hilo. Kwa nyumba hii nilikuwa na pingamizi mbili.

Ya kwanza ni utegemezi wa seva, yaani kompyuta za mbali, za kampuni iliyotengeneza kifaa. Vitovu vya nyumba vya Revolv vilizimwa mwaka 2016 na kampuni iliyovimiliki, vikabaki vipande vya plastiki kwa watu walioahidiwa huduma ya maisha. Huduma ya Iris ya Lowe's, kampuni ya maduka ya Marekani, ambayo watu waliitumia pia kwa ulinzi wa nyumba, ilifungwa Machi 2019. Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya aina hiyo, ilinyamaza ghafla Aprili 2022. Kigezo nilichompa Mwalimu ni rahisi kukijaribu: chomoa ruta, kisha fungua mlango uliotegwa. King'ora kikilia na simu ikapigwa, mfumo ni wako. Kisipolia, umeazimwa.

Ya pili ni umeme. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ya kawaida ya paneli, ina kama wati-saa 84. Paneli na vihisi vyake vikila miliampea 150, kwa nadharia inadumu saa 46. Kwa betri iliyozeeka kidogo mimi huhesabu siku moja. Betri hiyohiyo ikiibeba ruta ya wati 10, inakwisha kabla ya kutimiza muda wa saa nane na nusu. Mfumo unaopitia ruta peke yake hufa pamoja na ruta, na mwizi hahitaji utaalamu kushusha swichi kuu ya umeme iliyoko ukutani nje.

Kwa hiyo tulichagua paneli ya waya inayokubali pia vihisi vya mawimbi, yenye kipiga simu cha laini ya 4G ndani yake. Nilisisitiza 4G. Vifaa vingi vya bei ya chini bado ni vya 2G au 3G, na mitandao hiyo inazimwa nchi baada ya nchi. Nchini Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwaka 2022, na kengele nyingi zilizotegemea mitandao hiyo zilihitaji kubadilishwa vifaa. Intaneti ya nyumbani tuliiunganisha kama njia ya pili, ya kutumia programu ya simu na kuona kamera.

Paneli tuliiweka juu ya kabati la chumba cha kulala, mbali na mlango. Kuna vifaa vinavyojumuisha kibao cha namba, king'ora na kipiga simu katika boksi moja linalotundikwa kando ya mlango mkuu. Mlango ukifunguliwa, boksi hilo husubiri sekunde 30 au 45 mwenye nyumba abonyeze namba yake. Mwizi anayelijua analipiga nyundo kabla sekunde hazijaisha, na hapo hakuna simu wala kelele. Kwa Mwalimu mlangoni kuna kibao cha namba pekee; kikivunjwa, paneli inahesabu hilo kama uvamizi na kulia papo hapo.

Kelele

Bila kituo, king'ora ndicho mlinzi wa kwanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Charlotte, uliotolewa mwaka 2012 baada ya kuwauliza watu 422 waliohukumiwa kwa uvunjaji, ulikuta kama asilimia 60 yao wangetafuta nyumba nyingine wakijua kuna kengele. Wengi zaidi, kama asilimia 83, walisema hutazama kwanza kama ipo. Ndiyo sababu king'ora cha nje kiliwekwa mahali kinapoonekana, juu ambapo mkono haufiki bila ngazi, kikiwa na betri yake ndani ili kukata waya kukifanye kilie.

Namba za desibeli kwenye boksi hupimwa karibu, kwa kawaida mita moja. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. King'ora cha desibeli 110 kinafika mita 32 kikiwa na 80, na dirisha lililofungwa huondoa 20 au 30 nyingine. Jirani aliyelala anasikia kitu kama mazungumzo ya chumba cha pili. Tulikielekeza upande wa nyumba ya yule mama, na cha pili tukakiweka ndani, ukumbini. Cha ndani ndicho kinachomfukuza mtu: hawezi kusikia kama kuna anayekuja.

Kihisi cha sebuleni nilikitoa kwenye dirisha na kukiweka ukumbini, ambako anayetoka chumba chochote lazima akatize mbele yake. Usiku wanategea milango na madirisha tu, ukumbi unabaki huru kwa kwenda msalani.

Nani anaitika

Hapa tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, mezani, bila kifaa chochote. Nilimwomba Mwalimu awaite binti kwa simu na yule jirani aje mwenyewe.

Kampuni ilikuwa inampigia mwenye nyumba kwanza. Kengele inapolia nyumba ikiwa tupu, mwenye nyumba ndiye mtu asiyeweza kuona lolote. Tuligeuza mpangilio: paneli inampigia kwanza jirani, pili binti, tatu Mwalimu. Jirani ana kazi moja, kutazama kutoka uani kwake na kusema anachokiona. Tulikubaliana waziwazi kwamba haingii, hasogelei, hapigi kelele za kumtambulisha. Hana hata ufunguo, na hilo lilikuwa ombi lake ambalo nililiunga mkono. Binti, aliye mbali lakini mwenye intaneti, anafungua kamera na ndiye anayeita polisi, akiwa na anwani kamili na namba ya kituo cha polisi cha eneo la wazazi wake, kwa sababu namba ya dharura anayopiga kutoka mjini kwake inaweza kumpeleka kwa polisi wa kule aliko. Anaweza kusema "namuona mtu ndani", na maneno hayo hupokewa tofauti na "kengele imelia".

Ndiyo kazi pekee ya kamera katika mfumo huu: uthibitisho. Ni moja, inatazama mlango wa nyuma na stoo, inarekodi kwenye kadi yake, wala haigusi ua wa jirani.

"Na sote tukiwa hatupatikani?" mke wa Mwalimu aliuliza. Swali lake ni halali na halina jibu la kufurahisha. Hapo kinabaki king'ora, makomeo na vitasa. Kituo chenye wahudumu hakisafiri wala hakilali, na kwa nyumba inayokaa tupu miezi mingi, isiyo na jirani wa kusikia, au yenye mgonjwa anayehitaji kitufe cha dharura kinachojibiwa saa zote, mimi nashauri watu walipe ada na walipe kwa moyo mweupe. Mwalimu alichagua paneli inayokubali kuunganishwa na kituo chochote, ili siku wakitaka kusafiri kwa muda mrefu waweze kulipia ufuatiliaji wa kipindi hicho pekee, iwapo watapata kampuni inayokubali mkataba mfupi.

Jaribio

Tulilifanya baada ya saa nne usiku, kila mtu akiwa mahali anapokuwa kwa kawaida saa hizo. Nilishusha swichi kuu ya umeme. Ruta ilizimika, na kamera nayo. Nikafungua mlango wa stoo. King'ora kililia, na paneli ikaanza kupiga kwa laini ya 4G.

Jirani alikisikia king'ora lakini simu yake haikulia kabisa. Ilikuwa katika hali ya usiku inayonyamazisha namba zote. Binti alipokea, akafungua kamera, akakuta giza. Hivyo jaribio moja lilitupa kazi mbili. Namba ya paneli iliingizwa kwenye simu ya jirani na ya binti kama namba inayoruhusiwa kulia saa zote, na kamera pamoja na ruta vikapewa betri yao wenyewe, tofauti na ya paneli, ya kuvibeba angalau saa mbili.

Tangu hapo mke wa Mwalimu ndiye anayeshika ratiba. Kila tarehe mosi anamjulisha jirani, anatega, anafungua mlango mmoja, anasubiri simu zipigwe, kisha anatazama salio la laini. Mpigo huo wa kila mwezi pia huzuia laini isifungwe kwa kutotumika. Tarehe ya kuwekwa betri imeandikwa kwa kalamu nzito ndani ya kifuniko cha paneli, na chini yake mwaka wa kuibadilisha, miaka minne mbele. Kelele za bure zimetokea, zote kutoka stoo, upepo ulipotikisa mlango uliolegea bawaba. Bawaba ilibadilishwa, kihisi hakikuguswa.